Nilimkana Mama kwa Kikapu cha Mikate

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wa 11 ninaishi Fort Worth, Texas, na mume wangu na watoto wetu wawili. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu anaendesha lori. Hatulali njaa, wala si matajiri. Mwezi wa nne mama yangu alipata viza akaja kututembelea kwa mara ya kwanza. Zimebaki wiki tatu arudi. Nakuandikia kwa sababu nimemkosea na sijui nianzie wapi.

Nikueleze kwanza mama yangu ni nani. Alitulea peke yake, mimi na kaka yangu, kwa kupika. Zaidi ya miaka 20 alikuwa mama ntilie karibu na stendi ya zamani ya mabasi Tanga. Alfajiri maandazi na chai, mchana wali maharage, siku za neema wali na samaki wa nazi. Karo yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye sufuria zile. Sijui kama nimewahi kumshukuru sawasawa. Nilipokuwa shuleni, nikiwa na wenzangu, nilikuwa napita njia ya nyuma ili tusikatize pale stendi. Utoto ule.

Basi wikiendi ya pili baada ya kufika tukampeleka Olive Garden. Wasomaji wako wa huku wanapajua: mkahawa wa chakula cha Kiitaliano cha Kimarekani, wenye matawi nchi nzima, bei si ya kutisha. Ukiagiza sahani unaletewa kikapu cha mikate mirefu ya moto iliyopakwa siagi na kitunguu saumu, pamoja na supu au saladi, na vikiisha unaongezewa bila kulipa zaidi. Sisi huenda pale mume wangu akirudi safari ndefu. Watoto wanapapenda.

Somo, sijawahi kumwona mama yangu akifurahi vile. Alivaa dera lake la Idi. Alikaa akimtazama mhudumu kwa jicho la mtu wa kazi. Yule binti alikuja na sahani nne kwa mpigo, mbili zimelala juu ya mkono, mama akanigusa goti: "Huyu anajua. Ona, hatazami miguu." Kisha binti akaja na kidude cha kukunia jibini. Desturi ya pale ni kwamba anakuna juu ya chakula chako mpaka umwambie basi. Mama hakujua, akawa anamngoja yeye amalize. Binti anakuna, mama anatabasamu. Binti anakuna, mama anatabasamu, mpaka tambi hazionekani. Tulicheka wote watano, na mhudumu naye alicheka hadi akafuta macho. Kikapu cha tatu cha mikate kilipofika mama akauliza, "Na hiki nacho hawahesabu?" Bili ilipoletwa na vichokoleti vyake vidogo vya mnanaa, alivikusanya vyote akavifunga kwenye tishu, akavitia mkobani. "Vya watoto wa kaka yako," akasema.

Jumapili iliyofuata wifi yangu alikuja na mumewe na marafiki zao wawili. Wifi anaishi Dallas, ana kazi nzuri ya benki, na kwao, yaani kwao na mume wangu, walikuwa wa kishua kidogo. Ni mtu wa kujua wapi pa kula. Wapi pamefunguliwa, mpishi ni nani, nafasi unaweka mwezi mmoja kabla. Mwanangu mdogo akaanza kuhadithia kisa cha bibi na jibini. Wifi akaweka glasi chini. "Olive Garden? Jamani, wifi! Mama wa watu katoka Tanga mpaka Marekani, mkampeleka kwa wenye kuponi? Hata Muitaliano mwenyewe akiingia pale hajui anakula nini." Wageni wakacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani.

Nami nikasema, naomba nikuandikie maneno yenyewe: "Ni mama ndiye aliyepataka. Sisi huwa hatuendi."

Uongo mara mbili. Mama hakupataka, hakuwa hata anapajua. Na sisi tunakwenda kila mwezi. Mama alikuwa jikoni anamenya maembe, hatua sita kutoka nilipokuwa. Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Hakusema kitu, wala usiku ule wala kesho yake. Lakini asubuhi nilivikuta vile vichokoleti vyote juu ya kaunta ya jikoni, vimepangwa, na tishu yake imekunjwa pembeni. Tangu siku hiyo nikimwambia tutoke ananijibu, "Mimi nimeshiba, nendeni." Nikimuuliza kama amekasirika ananiambia, "Nikasirike nini mwanangu, kila mtu na ardhi yake."

Wiki ijayo anatimiza miaka 70. Wifi, nadhani kwa nia njema, amejitolea kutupeleka wote kwenye mkahawa wa nyama Dallas, ambapo sahani moja ni zaidi ya dola 100, na mume wangu ameshaitikia. Juzi mwanangu alimuuliza bibi yake angependa kwenda wapi. Akamjibu kwa sauti ndogo, "Kwenye ile mikate. Lakini usimwambie mama yako."

Somo, nifanye nini? Nikikataa mwaliko nitaonekana nimevunja undugu. Nikikubali, mama atakaa mezani kama mgeni kwenye sikukuu yake. Na hata kabla ya hayo yote, nitamtazamaje?

Ni mimi nisiyelala,
Fort Worth, Texas

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye vile vichokoleti juu ya kaunta. Mama yako hakugomba, hakununa, hakupiga simu Tanga kusema watu. Alirudisha zawadi za wajukuu. Ameelewa, bila mtu kumwambia, kwamba kile alichokiona kizuri ni cha aibu kwa mwanawe, na hataki kubeba aibu yako kwenye mkoba wake mpaka nyumbani. Kwa hiyo tusianze na wifi. Wifi tutamfikia.

Neno la wifi lilikuwa la kejeli, lakini yeye kwa mama yako ni mtu wa kuja na kuondoka. Lililosimamisha kisu ni lako. Na wewe mwenyewe umelitaja jambo jingine ukalipitia mbio: ile njia ya nyuma. Umesema ni utoto. Ni kweli, mtoto wa miaka 14 anayeogopa kuchekwa na wenzake si mtu mbaya. Lakini fikiri. Mama ntilie anaiona stendi nzima. Anajua nani kashuka basi lipi, nani anadaiwa, nani leo hana hela na anaona haya kusema. Unadhani hakumwona binti yake mwenyewe akikata kona na sare ya shule? Alikuona, mwanangu. Akanyamaza, akakulipia muhula uliofuata. Siku ile jikoni kwako alikuona ukikata kona ile ile kwa mara nyingine, na safari hii una miaka 38.

Nakwambia haya kwa sababu ukijidanganya kuwa tatizo ni Olive Garden utamwomba mama msamaha wa kitu kingine kabisa.

Sasa nitakwambia mama yako alikuwa anaona nini pale mezani, maana nadhani hukukiona. Jina la mama ntilie limetokana na sauti za wateja: mama, nitilie. Nitilie wali, nitilie mchuzi, niongezee maharage kidogo mama yangu. Mwanamke aliyeitwa hivyo kwa miaka 20 ameketi kwa mara ya kwanza upande wa pili wa meza, na mtu mwingine anamtilia yeye. Anaongezewa, na hakuna anayehesabu. Anamtazama binti aliyebeba sahani nne bila kutazama miguu, na anajua ni siku ngapi mkono unauma kabla haujazoea. Aliitazama kazi yake mwenyewe ikifanywa na mwenzake, kwa heshima, ndani ya nyumba yenye kiyoyozi. Ndiyo maana alifurahi vile, na wewe ukamwambia mgeni kwamba huwa hamwendi.

Nije kwenye mikahawa yenyewe, kwa sababu ninaona kejeli ya wifi imekuingia, na kitu kikishakuingia hakitoki kwa kuambiwa "usijali".

Mikahawa ya namna hiyo ilianzishwa makusudi kwa watu ambao kula nje kulikuwa kunawatisha. Mfanyabiashara Bill Darden, aliyefungua kijihoteli chake cha kwanza Waycross, Georgia, mwaka 1938 akiwa na miaka 19, ndiye aliyeanzisha Red Lobster, mikahawa ya samaki, Florida mwaka 1968. Olive Garden ya kwanza ilifunguliwa Orlando mwaka 1982, ikimilikiwa na General Mills, kampuni ya unga na nafaka iliyokuwa imekwisha kuinunua Red Lobster. Wazo lilikuwa rahisi: mtu wa mji mdogo naye aketi mezani, ahudumiwe, ale samaki au tambi, na kabla hajaingia ajue atalipa kiasi gani. Ndiyo maana kila tawi linafanana na jingine. Mtu mwenye pesa anauona kufanana huko kama kasoro, kwa sababu yeye anatafuta mahali ambapo wengine hawajafika. Lakini mimi nilikaa Columbus, Ohio, kwa binti yangu alipojifungua, na ninajua maana ya menyu yenye picha kwa mama asiyesoma Kiingereza. Nilinyoosha kidole, nikaletewa nilichokitaka. Hakuna aliyejua kama nimesoma au sikusoma. Siku niliyopelekwa kwenye mkahawa ambao menyu yake ni karatasi nyeupe moja isiyo na bei, nilikula kwa woga, nikawa naangalia wengine wanashika uma upi.

Kicheko cha puani hukukianzisha wewe wala wifi. Machi 2012, Olive Garden ilipofunguliwa Grand Forks, mji wa North Dakota, mwandishi wa gazeti la pale, bibi wa miaka 85 aitwaye Marilyn Hagerty, alikwenda kula akaandika alichokiona. Akausifu ukumbi, akasema kuku na tambi zake vilikuwa vya moto na vya kufariji siku ya baridi. Aliandika kwa unyofu tu, kwa ajili ya majirani zake ambao kwao mkahawa mpya ni habari. Makala ile ikazagaa mtandaoni, na watu wa miji mikubwa wakamcheka kuliko ninavyoweza kueleza. Waandishi walipompigia simu aliwaambia ana safu ya Jumapili ya kuandika na karata za kucheza mchana, hana muda wa kusoma maneno yao. Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi mashuhuri, alikiri kwamba naye alikuwa miongoni mwa waliocheka. Kisha akageuka akamtetea, na mwaka 2013 akasimamia kuchapishwa kwa kitabu cha makala zake za chakula. Nampenda Bourdain kwa hilo. Alicheka, akaona alichokicheka, akarudi hadharani.

Kuna jambo jingine ambalo wifi yako huenda halijui. Mwaka 2023 watafiti wawili, Maxim Massenkoff na Nathan Wilmers, walichunguza kwa taarifa za simu za mkononi ni wapi Wamarekani wa vipato tofauti wanakutana katika mizunguko yao ya siku. Mtu angetaja bustani za umma, au shule. Lakini bustani na shule ni za mtaa, na mitaa ya huko imegawanyika kwa mifuko. Palipowachanganya watu zaidi ni mikahawa ya matawi ya bei ya kati, na Olive Garden na Applebee's ndiyo mifano waliyoitoa. Kwa hiyo pale mama yako alipokuwa anacheka na jibini lake, meza ya jirani huenda alikaa daktari, na ya nyuma yake fundi bomba aliyeleta wanawe. Anayesema pale ni pa "wenye kuponi" ameona nusu ya ukumbi.

Na hadhi ya chakula haikai ndani ya chakula, inavishwa. KFC kwa Wamarekani ni kuku wa kununua haraka ukiwa umechoka kupika. Ilipofika Nairobi mwaka 2011 ilikuwa pahala pa kumtoa mchumba. Januari 2022 ikaishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinatoka ng'ambo na meli zimechelewa, Wakenya wakawaka: viazi vya Nyandarua vimekosa nini? Nao walikuwa na haki ya kuuliza. Tazama na unga wetu. Tulipokuwa wadogo, nyumba iliyopika dona ilifunga mlango, sembe nyeupe ndiyo iliyokuwa ya wenye nazo. Leo madaktari wanahimiza dona na watu wa kishua wanaitafuta madukani. Mahindi ni yale yale.

Hata hilo la kwamba Muitaliano hajui anakula nini halina uzito. Tambi za Alfredo zilianza Roma kwa mpishi Alfredo di Lelio, kwa siagi na jibini. Wamarekani ndio waliotia malai. Basi na sisi tuache chapati? Chapati yetu ya kusukuma kwa mafuta Mhindi naye anaishangaa, na hakuna anayetuambia tumeiharibu. Chakula kikihama kinafuata wenyeji.

Sitaki lakini ukatoka hapa ukiona kila anayekosoa mikahawa hiyo ni mwenye maringo. Chumvi ni nyingi, sahani ni kubwa mno, na mwenye kijimkahawa chake cha familia pembeni hupata tabu kushindana na kampuni yenye matawi mamia. Mtu akisema hayo, kaa naye mzungumze. Mama yako mwenyewe kama ana presha, mwambie asimalize supu. Kuna tofauti kati ya kusema chakula kina chumvi na kumcheka aliyekifurahia, na wewe tofauti hiyo umeihisi tumboni siku ile.

Sasa la kufanya.

Mama kwanza, na leo, kabla hujaongea na mtu mwingine. Usimnunulie kitu. Usimpeleke popote. Kaa naye jikoni mnapochambua mchele, mikono ikiwa na kazi, maana mazungumzo ya namna hii hayawezekani watu wakitazamana. Sema jambo lenyewe kwa jina lake: "Mama, Jumapili ile nilisema uongo. Nilisema wewe ndiye uliyepataka na sisi hatuendi. Tunakwenda kila mwezi. Niliogopa kuchekwa nikakutanguliza wewe." Kisha sema la pili, ambalo ni gumu zaidi: "Na nilipokuwa shuleni nilikuwa napita nyuma ya stendi." Atasema "nilijua", au atasema "yalishapita". Akisema yalishapita, usishukuru haraka ukakimbia. Mwache aseme mengine kama anayo. Huenda ana miaka 24 akiyangoja maneno hayo, huenda atacheka tu akupe karai la mchele. Vyovyote, utakuwa umepita njia ya mbele.

Watoto walisikia pia. Mwanao mdogo ndiye aliyekuwa anahadithia kwa furaha, akaona mama yake amekana. Mwambie mbele ya bibi yake kwamba hadithi yake ilikuwa ya kweli. Na hiyo siri aliyopewa, ya "usimwambie mama yako", mwondolee. Mtoto asifichiane na bibi mahali pa kula mkate.

Kuhusu wifi, huyo si wako kumwambia. Wa kwenu mwambie wewe, wa kwao aambiwe na ndugu yake. Mume wako alikuwepo mezani, alikula mkate ule ule, naye alinyamaza; hujaliandika, lakini nimeliona. Ampigie dada yake, si kwa ugomvi: "Dada, mama mkwe wangu alisikia ulivyosema. Tulikwenda kwa sababu tunapapenda. Na tarehe ya sikukuu yake tutakwenda pale tena, kwa sababu ndipo alipochagua. Tunakukaribisha, na ule mwaliko wako wa nyama tunaupokea kwa siku nyingine." Mwaliko haujakataliwa, umesogezwa. Undugu hauvunjiki kwa hilo. Na mkienda huko Dallas baadaye, nendeni kwa moyo safi. Usije ukakaa mezani unahesabu dola na kumwona wifi mshamba wa pesa zake. Hiyo ni dharau ile ile imevaa kanga upande wa nyuma. Simjui wifi yako, lakini mwanamke mweusi, mgeni, kwenye ofisi ya benki, hupimwa kila siku kwa viatu na kwa mahali alipokula Jumamosi. Inawezekana kuna siku alichekwa yeye. Mume wako anaweza kumuuliza.

Akikubali kuja, mwache aje. Mkalishe karibu na mama, na mama ndiye amfundishe lini pa kusema "basi" kwa jibini. Akikataa, msimngoje na msimsengenye mezani.

Bili ulipe wewe, si mume wako. Pesa ya mtoto wa mama ntilie ikimlipia mama ntilie chakula, yeye atajua inatoka wapi. Bakshishi mpe mama aitoe kwa mkono wake, taslimu. Mweleze kwanza jinsi inavyokwenda: sheria ya nchi inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, na Texas inakifuata. Mwajiri anatakiwa kujazia tu pale bakshishi zisipomfikisha kwenye kima cha chini cha 7.25. Chakula cha dola 100 mpe mama noti 20 za dola moja moja. Nadhani akisikia habari hiyo ataongeza za kwake, na usimzuie.

Mkiweza, ombeni meza za yule binti wa sahani nne. Na vichokoleti vikija na bili, msivikusanye nyinyi, msogezeeni bibi. Akitaka kubeba na mikate, mwombeni mhudumu mfuko. Wanayo.